Kisima kimekauka na mto unachimbwa: namna ya kutafuta chanzo

"Fundi, kisima chetu kimekauka, tuongeze mita ngapi?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa zaidi na kamati za maji kando ya mito ya mchanga ya Makueni, Machakos na Kitui, yaani Ukambani nchini Kenya. Zamani nilikuwa nikijibu palepale, nimesimama kwenye mdomo wa kisima. Siku hizi nashuka mtoni kwanza, kwa sababu mara nyingi ugonjwa uko huko malori yanakopakia mchanga.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, anza na chanzo kilichotajwa kwanza kwa kuwa ndicho kinachotokea zaidi, fanya ukaguzi mwepesi, ndipo uingie kwenye kazi kubwa. Usiruke hatua za mwanzo hata kama tayari una mtu wa kumlaumu. Si kila kisima kilichokauka karibu na machimbo kimekaushwa na machimbo. Ukienda kushtaki kabla ya kuondoa sababu nyingine, mwenye lori atauliza swali moja tu kuhusu mvua, na shauri lako litaishia hapo.

Elewa kwanza: mchanga ndio tangi

Mto wa msimu Ukambani hupitisha maji wiki chache tu kwa mwaka. Siku nyingine zote mgeni huona barabara pana ya mchanga mkavu. Mwenyeji anajua kwamba chini ya mchanga ule kuna maji yaliyobaki mvua ilipokatika, yamekalia mwamba au udongo wa mfinyanzi usiopitisha, na ndiyo yanayolisha visima vya kingoni hadi mvua nyingine.

Ukitaka kuwaonyesha watu jambo hili mkutanoni, chukua chupa mbili za plastiki za lita moja. Kata vitako, toboa tundu dogo kwenye kila kifuniko, weka kipande cha kitambaa ndani ya mdomo, kisha zipindue. Moja ijaze mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, nyingine tope laini lililokauka. Ziba matundu kwa kidole na umimine maji polepole mpaka yafike juu. Ukiachia kidole, chupa ya mchanga inarudisha maji yanayotiririka. Ile ya tope inadondosha matone machache, halafu inanyamaza. Nimeona wazee waliokuwa wakibishana kwa saa nzima wakitazama chupa zile mbili bila neno.

Sasa piga hesabu. Lori la tani 7 hubeba takriban mita za ujazo 4 za mchanga. Tuseme robo tu ya nafasi hiyo ilikuwa ikishika maji yanayoweza kuchotwa. Hiyo ni mita 1 ya ujazo, lita 1,000, mitungi 50 ya lita 20. Na si mitungi 50 ya siku moja, kwa sababu nafasi ile ilikuwa ikijaa upya kila mto unaposhuka.

Mchanga hufanya kazi nyingine pia: huyakinga maji na jua. Yakiwa nusu mita au zaidi chini ya uso wa mchanga, jua huyapata kwa shida sana. Shimo lililoachwa wazi hupoteza milimita kadhaa kila siku ya kiangazi, na punda hukojoa humohumo.

Vifaa vya ukaguzi

Huhitaji mashine. Tafuta kamba yenye fundo kila nusu mita na uzito mwishoni, daftari, chupa angavu chache, simu ya kupigia picha, na mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ule mafundi ujenzi wanaoujaza maji kupimia usawa. Ongeza nondo ya milimita 16 yenye urefu wa mita 3, uichonge mikato midogo kila sentimita 25. Ukiigonga kwenye mchanga wa mto hadi igote mwamba, utasikia mlio ukibadilika na nyundo ikirudi mkononi. Ukiichomoa, mikato inakuja na punje za kila kina: hapa mchanga wa chembe kubwa, hapa tope, hapa unyevu umeanza. Kwa nondo hiyo unajua tangi lenu limebaki na kina gani.

Dalili ya kwanza: kisima kinakauka mapema kuliko zamani

Hii ndiyo inayoletwa zaidi, na ndiyo inayokosewa zaidi.

*Mvua ilikuwa haba.* Anza hapa kila mara. Ukambani tunategemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba. Zile za Machi hadi Mei zina tabia ya kutuangusha. Uliza mto ulishuka mara ngapi msimu uliopita na kwa siku ngapi. Kisha pima visima viwili vitatu vilivyo mbali na mto, kilomita moja au zaidi. Kama navyo vimeshuka kwa kiasi kilekile, ukame ndio umetufikia sote. Kama vya mbali viko vizuri na vya kingoni ndivyo vinavyolia, endelea.

*Kisima chenyewe kina kasoro.* Shusha kamba hadi chini kabisa, ulinganishe na kina kilichoandikwa siku ya kuchimbwa. Kikiwa kimepungua mita nzima, kisima kimejaa tope, na dawa ni kukisafisha. Kwa pampu ya mkono, hesabu mara unazopiga kabla ya maji kutoka asubuhi. Kama unapiga mara nyingi hewa tupu ilhali kamba inaonyesha maji yapo, mpira wa pistoni umelika au vali ya chini haishiki. Ni kazi ya saa chache kwa fundi wa pampu, na nimeona kijiji kikitembea kilomita nne kwenda mto mwingine kwa sababu ya mpira huo mmoja.

*Wachotaji wameongezeka.* Pima alfajiri kabla ya mtu wa kwanza, kisha pima jioni. Yakishuka sana mchana na kurudi usiku kucha palepale yalipokuwa, ardhi ina maji ila mnayachota kwa kasi kuliko yanavyoingia. Angalia kama kuna shamba jipya lenye pampu ya petroli karibu.

*Sakafu ya mto imeshuka.* Sasa shuka mtoni. Utazame miti kwanza: mkuyu ulioota ukingoni miaka mingi hauna sababu ya kuwa na mizizi inayoning'inia hewani. Angalia miamba na nguzo za daraja. Sehemu iliyokuwa imefunikwa na mchanga ina rangi tofauti na iliyokuwa juani, na mstari kati yake unakuonyesha mchanga ulifika wapi. Pima kutoka mstari huo hadi mchanga wa leo. Waulize kina mama wanaochota mtoni walikuwa wakifukua kiasi gani kupata maji mwezi kama huu. Jibu la "kiwiko" kwa miaka ya nyuma na "mtu mzima anazama hadi kifuani" kwa sasa lina uzito kama kipimo cha mhandisi, liandike na tarehe yake.

Kisha fanya kipimo kinachomaliza ubishi. Fukua mtoni hadi uone maji. Kwa kutumia mpira wa fundi, hamisha usawa wa maji hayo hadi kisimani, kituo kwa kituo, kwa vigingi. Kama maji ya kisimani yamesimama karibu usawa uleule na ya mtoni, kisima na mto ni tangi moja. Mto ukichimbwa mita moja na nusu chini, kisima kitaufuata.

Hapa nina deni la kusema. Kamati moja niliishauri iongeze mita 2 kisimani. Watu walichanga, wengine waliuza mbuzi. Maji yalirudi kwa msimu mmoja, na kiangazi kilichofuata kisima kikakauka tena, kwa sababu nilikuwa nimepima kisima na sikupima mto. Mchanga mbele ya kisima kile ulikuwa ukipakiwa kila usiku.

*Kizingiti cha mwamba kimeharibiwa.* Hutokea kwa nadra, lakini madhara yake ndiyo makubwa kuliko yote. Kwenye mito yetu kuna mahali ambapo mwamba hukatiza mto chini ya mchanga na kuzuia maji yasiteremke, kama ukuta wa bwawa uliozikwa. Wachimbaji wakiondoa mchanga wote juu na chini ya kizingiti, au wakivunja mwamba wenyewe kutafuta kokoto, maji ya kilomita nzima huondoka polepole. Utakitambua kwa nondo: tembea na mto ukipima kina cha mchanga kila hatua hamsini, uone pale kinapopungua ghafla.

Nini kifanyike? La kwanza halina gharama: kubalianeni ni sehemu zipi za mto hazitaguswa kabisa, yaani mbele ya visima na juu ya vizingiti, na kwingineko kina gani cha mchanga lazima kibaki. La pili ni kuacha mto ujijaze. Hili huchukua misimu, na halifanikiwi kama mashamba ya juu yanamomonyoka, kwa kuwa mafuriko yataleta tope badala ya mchanga, na tope huziba sakafu ya mto kama ile chupa ya pili. Ndiyo maana matuta mashambani ni kazi ya maji vilevile. La tatu ni bwawa la mchanga: ukuta wa zege au mawe uliojengwa juu ya mwamba kukatiza mto, ambao mafuriko huujazia mchanga nyuma yake. Machakos na Makueni wameyajenga kwa miongo kadhaa na yanafanya kazi. Lakini bwawa la mchanga lililojengwa halafu mchanga wake ukauzwa ni ukuta mtupu, nami nimeukanyaga ukuta wa namna hiyo.

Simama hapa, ita mtaalamu: usijenge ukuta wa kukatiza mto kwa makadirio ya macho. Ukikosa mwamba au ukiacha kingo bila mabawa, yaani kuta za pembeni zinazoingia ukingoni, mto utauzunguka ukuta na kula shamba la mtu. Na usishuke kisimani kuongeza kina bila fundi mwenye vifaa. Kisima kirefu huweza kuwa na hewa isiyo na oksijeni ya kutosha, na pampu ya petroli ikiwashwa ndani yake moshi wake unaua kwa dakika chache. Mshumaa unaoendelea kuwaka hauthibitishi usalama, kwa sababu hauonyeshi sumu ya moshi. Mtu akianguka ndani, wa pili asimfuate bila kamba na watu wa kumvuta juu. Mara nyingi anayekwenda kuokoa ndiye anayezikwa siku moja na mwenzake.

Dalili ya pili: maji yana tope

Chanzo cha kawaida ni maji ya mvua yanayoingia kwa juu: sakafu ya zege kuzunguka kisima imepasuka au mfereji umeziba. Tazama kama tope huja saa chache baada ya mvua na kutoweka. Kinachofuata ni pampu iliyoshushwa mno mpaka inakoroga chini ya kisima. Hilo huonekana maji yanapoanza kuwa machafu kila mnapochota mfululizo. Chanzo cha tatu ni machimbo yaliyo upande wa juu wa mto: mchanga au changarawe inayooshwa mtoni, malori yanayovuka majini, au vumbi la mashine ya kusaga kokoto linaloteremshwa na mvua ya kwanza.

Kuvitenganisha, jaza chupa angavu saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni, siku ya kazi na siku ambayo malori hayaji. Andika saa juu ya kila chupa na uziache zitulie hadi kesho yake. Pima kwa rula unene wa tope lililotua. Chupa za siku ya mapumziko zikiwa safi na za siku ya kazi zikiwa na kidole cha tope, unazo picha za kupeleka ofisini.

Nyumbani, yaache maji yatulie usiku, au tumia shabu au mbegu za mlonge zilizotwangwa kuyaangusha tope, kisha yachuje kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa. Baada ya hapo ndipo uchemshe au utie dawa ya klorini. Usianze na klorini, kwa sababu kwenye maji yenye tope nguvu yake huliwa na uchafu kabla ya kufika kwa vijidudu. Kuharisha kukianza nyumba kadhaa kwa wakati mmoja, fungeni kisima na mumwite afisa wa afya siku hiyohiyo.

Dalili ya tatu: maji yamekuwa ya chumvi

Bara na pwani zina visa tofauti. Ukambani, mchanga unapokwisha watu hukimbilia kisima kirefu cha mwambani, na maji ya mwamba wetu mara nyingi yana chumvi. Maji ya mchangani hayakugeuka chumvi. Yaliisha, nanyi mmehamia mengine. Ndiyo sababu mtu akisema "mchanga uchukuliwe tu, tutachimba kisima kirefu," mwambie aonje kwanza maji ya visima virefu vilivyo jirani.

Pwani, kuanzia Dar es Salaam hadi Bagamoyo na hata upande wa Kenya, chanzo kikubwa ni kupampu kupita kiasi. Baada ya ukame wa 1997 Dar es Salaam ilichimba visima vingi sana, na vilivyo karibu na bahari ndivyo viko hatarini zaidi. Chini ya ardhi ya pwani maji matamu huelea juu ya maji ya bahari, na kwa kanuni ya wataalamu kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba chini yake takriban mita 40 za maji matamu. Ukiishusha mita ile moja, chumvi hupanda kwa kasi usiyoitarajia. Chanzo cha pili ni mto wenyewe. Mchanga ukiondolewa karibu na mlango wa bahari, sakafu ya mto hushuka na maji kujaa yanapanda mbali zaidi kuingia nchi kavu. Mchanga huohuo ndio uliokuwa ukilisha fukwe. Uchimbaji kwenye mito ya Tegeta, Mbezi na Mpiji umetajwa kwa miaka mingi kuwa mojawapo ya sababu za ufuo wa Kunduchi kuliwa na bahari.

Ukaguzi mwepesi ni sabuni: maji ya chumvi hayatoi povu vizuri. Wa pili ni kuandika ladha wakati wa maji kujaa na maji kupwa kwa wiki mbili, ili bamvua (siku za maji kujaa sana) na maji mafu (siku za maji kujaa kidogo) vyote viingie. Wa tatu ni kupeleka sampuli maabara ya maji, na huu haukwepeki kwa kisima cha shule au zahanati.

Punguza saa za kupampu, pandisha pampu juu kidogo. Usiongeze kina. Pwani kuongeza kina ni kuifuata chumvi. Kuchemsha nako hakusaidii, kwa kuwa maji hupungua na chumvi hubaki palepale.

Dalili ya nne: utando wa mafuta au harufu ya dizeli

Gusa utando kwa kijiti. Ukivunjika vipandevipande kama kioo na usijiunge tena, huenda ni vijidudu vya chuma, ambavyo huchukiza lakini si mafuta. Ukijikusanya na kujifunga tena mara moja, ni mafuta. Tafuta mahali lori au kijiko cha kuchimbia kinapomwagwa oili, au pampu inayovuja kingoni.

Kama ni mafuta, acha kunywa na kupikia papo hapo. Kuchemsha hakuyaondoi, kitambaa hakiyaondoi, klorini haiyaondoi. Jaza chupa ya kioo, ifunge, iweke kivulini, uitaarifu ofisi ya maji na ya mazingira. Hapa hakuna ukarabati wa kijijini.

Dalili ya tano: pampu inatema mchanga

Kwa kawaida chujio la bomba limetoboka au mnapampu kwa kasi kuliko kisima kilivyojengewa. Punguzeni kasi kwa siku tatu mkiangalia ndoo: mchanga ukipungua, kasi ndiyo shida; ukiendelea, chujio limekufa na aliyechimba aitwe. Kwa visima vilivyochimbwa ndani ya mto au ukingoni, kagua pia kama mchanga uliokuwa ukizishika pete za zege umeondolewa na pete zimeachana. Pete zikiachana, watu wasisimame juu ya kisima hicho hata kwa dakika moja.

Dalili ya sita: bomba linaning'inia, daraja limeonyesha miguu, kingo zinaporomoka

Watu hushangaa kwa sababu shimo lilichimbwa upande wa chini wa mto, mita mia kadhaa kutoka darajani, na bado daraja ndilo linaloumia. Sababu ni kwamba shimo hutembea. Mafuriko yakifika kwenye mdomo wa shimo yanaanguka kama maporomoko madogo, yanakula ukuta wa juu, na kila mafuriko shimo linapanda mto hatua kadhaa. Upande wa chini nako maji yaliyoacha mzigo wao wa mchanga shimoni yanatoka na njaa, yanakula sakafu na kingo mbele yake. Kwa hiyo msipime umbali wa shimo siku linapochimbwa tu. Pigeni kigingi cha alama kwenye mdomo wake wa juu na mpime tena baada ya kila mafuriko.

Miongozo ya kitaifa ya uvunaji mchanga ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza kuvuna ndani ya mita 100 kutoka madaraja na miundombinu mingine. Kama mnaona malori ndani ya umbali huo, si jambo la kujadiliana tena na dereva.

Msijaribu kurundika mawe chini ya nguzo wenyewe. Yakiwekwa vibaya huelekeza maji kwenye nguzo ya pili. Nyufa zikionekana kwenye zege au ukingo ukiwa na ufa sambamba na mto, zuieni watu na magari, muite wahandisi wa barabara au wa maji. Wapakiaji waambiwe vilevile. Ukuta wa mchanga uliochimbwa kwa chini hauna onyo unapoanguka, na vijana wanaofukiwa ni watoto wetu, waliotoka nyumba zilezile zinazolia maji.

Dalili ya saba: kisima kimeshuka tangu machimbo ya kokoto yaanze kupampu

Machimbo ya mwamba ni kisa kingine. Shimo likishuka chini ya usawa wa maji ya ardhini, mwenye machimbo hulazimika kuyapampu nje ili afanye kazi, na visima vya jirani huvutwa kuelekea kule. Pima kisima chako kila asubuhi kwa mwezi mmoja na uandike siku pampu ya machimbo ilipozimwa. Kama maji hupanda pampu inapolala na kushuka inapoamka, uhusiano umeonekana. Maji yakiwa meupe kama maziwa kwa siku moja au mbili baada ya baruti na kisha kutulia, huenda mtikisiko umekoroga kisima. Ikirudia, omba mkaguzi kabla ya mlipuko mwingine. Suluhisho la kweli hapa ni la kisheria na kihandisi: kina cha mwisho cha shimo na mahali maji yanayopampuliwa yanapomwagwa.

Mashimo yaliyoachwa yakajaa maji yazungushiwe ua hata wa miiba. Kingo zake ni wima, mtoto akiingia hana pa kushika. Maji yaliyotuama huzaa mbu, na pale konokono wanapokaa, kichocho. Msiyafanye dimbwi la kuogelea wala chanzo cha maji ya kunywa.

Ukishajua chanzo, upeleke wapi

Peleka vipimo. Malalamiko yasiyo na tarehe hayafiki popote. Daftari liwe na kina cha maji kila Jumatatu alfajiri, picha ya mahali palepale kutoka pembe ileile, alama ya rangi kwenye mwamba au nguzo, na hesabu ya malori kwa siku ikiwa kuihesabu ni salama. Ikiwa si salama, msihesabu. Kwenye mito yetu watu wamewahi kuuawa kwa ajili ya mchanga, na hakuna daftari linalostahili uhai wa mtu. Msimzuie dereva usiku, msisimame barabarani mbele ya lori.

Kenya, anza na chama cha watumiaji wa maji cha eneo lako na mzee wa kijiji, kisha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Makueni ina sheria yake ya kuhifadhi mchanga tangu 2015, pamoja na mamlaka ya kuisimamia. Tanzania, anza na serikali ya kijiji au mtaa, kisha Bodi ya Maji ya Bonde lenu, kwa sababu nchi imegawanywa katika mabonde 9 na kila moja lina bodi yake, pamoja na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mnapokwenda mtaje Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayolinda mita 60 kutoka ukingo wa mto dhidi ya shughuli za kudumu zinazouharibu.

Usiwasahau wapakiaji kwenye kikao. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake hapo Nairobi, mwaka 2022 lilikadiria kuwa dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Mahitaji hayo hayatazimwa na barua yetu moja. Kijana anayelipwa kwa kila lori ataendelea kupakia kama hana kazi nyingine. Kamati zilizofanikiwa nilizoziona zilitenga sehemu za kuvuna kwa koleo, mbali na visima, kwa kina kilichopimwa kwa nondo, na zikawapa vijana haohao kazi ya kushika nondo.

Vipimo vya kwanza vichukuliwe mwishoni mwa Septemba, mchanga ukiwa mkavu zaidi na maji yakiwa chini zaidi. Vya pili wiki mbili baada ya mto kuacha kutiririka, Januari. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo akiba yenu ya mwaka, na mkiandika kwa miaka mitatu mtaona kama tangi linajaa au linachakaa.